Siku Moja kwa Mtumbwi Katika Mto Ruvuma



Je, umewahi kupanda mtumbwi bila kuwa na haja ya kuvuka?

Watu wengi wa vijiji vya kando ya mto Ruvuma hupanda mtumbwi kwa sababu moja tu. Wanataka kwenda ng'ambo. Huko ng'ambo wana shamba, au ndugu, au msiba. Wakifika wanashuka, wanalipa, wanakwenda zao. Mto wameupa mgongo.

Safari tunayoieleza hapa ni ya namna nyingine. Ni safari ya kikundi. Ni ya siku moja, kutoka asubuhi mpaka alasiri. Hamwendi msibani wala sokoni. Mnakwenda kuutazama mto wenyewe.

Labda utasema: "Hayo ni mambo ya watu wasio na kazi." Ngoja kwanza. Mto huu unapita karibu nawe maisha yako yote. Unakupa maji na samaki. Siku nyingine unachukua mtu. Kitu cha namna hiyo kinafaa kujulikana.

Tena wewe umejifunza kusoma. Utaona kwamba mto nao unasomwa.

MTO UNATOKA WAPI

Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro. Milima hiyo iko karibu na mji wa Songea. Ukiwa mjini unaiona. Huko juu Ruvuma hautishi mtu. Ni kijito tu.

Katika milima hiyo hiyo unaanzia mto Luhira. Maji ya Luhira ndiyo yanayonywewa na watu wa mji wa Songea. Na mto wa tatu unaanzia hapo, ndio Luegu. Huu hauendi kusini. Maji yake huenda mpaka yakaingia katika mto Rufiji.

Sasa fikiri jambo hili. Mvua inanyesha Matogoro. Matone mawili yanaanguka karibu karibu. Moja linaingia Ruvuma, nalo litafika baharini upande wa Mtwara. La pili linaingia Luegu, nalo litafika baharini Rufiji, kukabili kisiwa cha Mafia. Yalianguka pamoja, lakini hayataonana tena mpaka baharini.

Ruvuma kwanza huenda magharibi. Kisha hugeuka kusini. Halafu hugeuka mashariki, na hapo ndipo unapokuwa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji. Wajerumani na Wareno walikubaliana juu ya mpaka huo mwaka 1886. Watu waliokuwa wakiishi kando ya mto hawakuulizwa. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kukuta mtu yuko upande huu na shangazi yake yuko upande ule.

Urefu wa mto wote ni kiasi cha kilometa 800. Njiani unapokea mito mingi. Mkubwa kuliko yote ni Lugenda, unaotoka Msumbiji.

Kwa safari yetu tutakwenda kusini mwa Songea, upande wa Mkenda. Hapo Ruvuma umekwisha kuwa mto hasa.

WAKATI GANI UNAFAA

Katika mkoa wetu mvua huanza Novemba au Desemba. Huisha Aprili au mwanzo wa Mei. Mwezi wa Machi usithubutu kwenda matembezi mtoni. Maji ni mengi, ni mekundu kwa udongo, na yanabeba magogo. Gogo likipiga mtumbwi ubavuni, mtumbwi unapinduka.

Mwezi wa Juni na Julai maji yametulia, lakini bado yanatosha. Wapiga kafi wengi wangechagua miezi hiyo. Mimi nachagua mwisho wa Septemba. Nitakueleza sababu.

Katika nchi za baridi, kama vile nchi za Ulaya, Marekani na Kanada, kuna majira ya kupukutika kwa majani. Yanaanza mwezi huo huo wa Septemba. Majani ya miti hubadilika kuwa mekundu na ya manjano. Wakati huo watu wa huko hukusanyika, wakachukua mitumbwi myepesi, wakaenda mtoni kutwa nzima kutazama rangi hizo. Baada ya wiki chache majani yote yameanguka na baridi kali imeingia.

Je, sisi hatuna jambo kama hilo? Tunalo. Toka nje mwisho wa Septemba uitazame misitu yetu ya miombo. Mvua haijanyesha. Nchi ni kavu, na nyasi zimeungua. Lakini miombo inatoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu. Mengine yana rangi ya shaba, mengine kama divai. Baada ya siku kadhaa yanageuka kijani. Wataalamu wa mimea wanasema rangi ile nyekundu husaidia kulilinda jani changa na jua kali.

Angalia tofauti. Kwao jani huwa jekundu linapokufa. Kwetu jani huwa jekundu linapozaliwa. Na mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni kati ya mto, maana ukiwa ndani ya msitu unaona shina na vumbi tu. Ukiwa mtoni unaona kilima kizima.

Ubaya wa Septemba ni kwamba maji ni machache. Mtashuka mara nyingi na kuuvuta mtumbwi juu ya mchanga. Jambo hili si geni. Mwaka 1861 Mskoti David Livingstone aliingia Ruvuma kutoka baharini kwa meli iliyoitwa Pioneer. Alikuwa akitafuta njia ya maji ya kufika Ziwa Nyasa. Alikwenda kiasi cha kilometa 48 tu, akaona maji yanapungua, akarudi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, alijaribu tena pamoja na Daktari John Kirk. Safari hii walikuja na mashua mbili. Mashua zilikwama mchangani mara nyingi. Walipanda mto zaidi ya wiki mbili, mwisho wakakuta mawe yameziba njia. Wakarudi walikotoka. Bila shaka wenyeji walikuwa na habari za mawe yale tangu zamani. Mwaka 1866 Livingstone alikuja mara ya tatu. Mara hii alikwenda kwa miguu.

Sisi hatutafuti ziwa. Tukikwama tutashuka na kucheka.

KABLA YA KUONDOKA

Tuseme mko watu kumi na wawili, na mitumbwi mitatu. Kila mtumbwi una watu wanne. Katika kila mtumbwi awepo mtu mmoja anayeujua mto. Msiende bila mwenyeji. Kuna vijana wanaojua kuogelea wakadhani basi wanajua na mto. Kuogelea ni jambo jingine.

Mwenyeji wenu tuseme ni mzee aliyevusha watu tangu ujana wake. Huenda hakusoma shule. Hilo lisikudanganye. Subiri mpaka mfike mtoni.

Kwanza nendeni ofisi ya serikali ya kijiji. Semeni mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Hapa ndipo kusoma kwako kunapoanza kufaa. Chukua karatasi mbili. Andika majina yote kumi na mawili katika kila karatasi. Moja iache ofisini. Nyingine itie katika mfuko wa nailoni, uifunge, ubaki nayo. Jua likizama hamjarudi, watu wa kijiji watajua wanawatafuta akina nani, na wangapi.

Ikiwa mtapita sehemu ya mpakani, waulizeni pia watu wa Uhamiaji. Mpaka uko mtoni. Ukishuka ukingo wa pili umeingia nchi nyingine, hata kama umeshuka kuchuma matunda tu.

Sasa tazameni mitumbwi. Mtumbwi mzuri wa kuchonga hutoka katika gogo moja lisilo na ufa. Mninga unapendwa, maana hauli maji upesi na wadudu hawaupendi. Mkongo nao unafaa. Siku hizi huwezi kukata miti hiyo bila kibali, na miti minene imekuwa adimu. Kwa hiyo mitumbwi mingi ni mizee, na imezibwa mara nyingi. Ingia ndani, piga magoti, pitisha kiganja sakafuni kutoka mbele mpaka nyuma. Ukikuta unyevu mahali pamoja tu, hapo pana ufa. Usiupande mtumbwi huo hata ukiambiwa ufa ni mdogo. Ufa wa asubuhi huwa mkubwa mchana.

Maboya ya kuvaa, yale makoti yanayoelea, ni kitu bora kuliko vyote. Kama yanapatikana kila mtu avae, na yule mzee pia. Kama hayapatikani, kila mtumbwi ufungiwe madumu matupu ya lita 20 yaliyozibwa sawasawa. Dumu tupu linaelea, na mtu anaweza kulishika. Lakini nakwambia kweli, dumu si boya. Dumu linaweza kukuponyoka. Kikundi kinachoweza kuchanga fedha za nyama na soda kinaweza kuchanga fedha za maboya.

Chukueni pia kopo la kutolea maji, kamba ndefu, kafi moja ya akiba kwa kila mtumbwi, upondo, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na chakula. Viazi, karanga na samaki wa kukausha vinatosha.

Pombe iacheni nyumbani. Wapo wanaosema kidogo huondoa woga. Mtoni woga ni rafiki. Mimi sijaona ushujaa wa mtu anayeyumba ndani ya kitu kinachoyumba.

MNAINGIA MAJINI

Ondokeni saa mbili asubuhi, si alfajiri. Sababu ni kiboko. Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula majani. Kunapokucha anarudi mtoni kwa njia yake ile ile. Ukisimama katika njia hiyo wewe ndiwe unayemzuia kufika nyumbani. Kiboko mkubwa anaweza kufika kilo 1,500 na zaidi. Hayo ni magunia 15 ya mahindi ya kilo mia mia, nayo yanakimbia. Saa mbili amekwisha kuingia majini na ukungu umeondoka.

Ingieni mmoja mmoja. Shika kingo zote mbili za mtumbwi, kanyaga katikati, kaa chini upesi. Usisimame. Mimi mara ya kwanza nilisimama ili nione ndege vizuri. Niliona maji.

Asubuhi pandeni mto, yaani mwende kinyume cha maji. Wakati huo mna nguvu. Mchana mtakapochoka, mto wenyewe utawarudisha. Wako wanaoanza kwa kuteremka kwa sababu ni rahisi. Hao hurudi usiku, mikono imekufa.

Mara mtamsikia yule mzee akigonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi. Ko, ko, ko.

"Babu, mbona unagonga?"

"Nabisha hodi, mjukuu wangu. Mwenye nyumba asije akashtuka."

Mwenye nyumba ni kiboko. Yeye akizama hukaa chini dakika tatu, nne, tano, kisha huja juu kuvuta pumzi. Asipojua kwamba mpo, anaweza kuja juu chini ya mtumbwi wenu. Akisikia mlio huenda pembeni, au huinua kichwa mkamwona. Mkimwona, mwachieni maji ya kina. Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Nyinyi piteni upande wa maji mafupi, karibu na mchanga, mkiwa mbali naye. Kama ana mtoto msipite kabisa. Tokeni majini, buruteni mitumbwi nchi kavu, mrudi mtoni mbele zaidi. Ni kazi, lakini ni kazi ya nusu saa tu.

KUSOMA MAJI

Sasa tazama maji, nami nitakuonyesha herufi mbili.

Mto unapopita, maji ya juu hufanya alama. Alama iliyo muhimu ni herufi V. Unaijua herufi hiyo. Ni ile ya mwanzo wa neno "vuka".

Tuseme mmekwisha kugeuka na mnateremka. Mbele yako unaona V majini. Tazama ncha yake, yaani pale mistari miwili inapokutana. Kama ncha inaelekea mbele, kule mnakokwenda, basi hapo maji yanapita kati ya mawe mawili. Ni mlango. Elekezeni mtumbwi kwenye ncha hiyo mpite.

Lakini kama ncha inaelekea kwako, hiyo si njia. Kwenye ncha pana kitu. Ni jiwe au kisiki kilichozama kidogo, na maji yanagawanyika juu yake. Kaeni mbali.

Ni herufi moja. Ikisimama hivi inasema "pita". Ikipinduliwa inasema "hatari". Yule mzee hajui kwamba inaitwa V, lakini anaisoma akiwa mbali, meta hamsini au sitini, huku akizungumza mambo ya mahindi. Mwombe akuonyeshe. Mwanzo hutaona kitu. Baadaye utaona V kila mahali, kama mtu aliyejifunza kusoma juzi anavyosoma kila karatasi anayookota barabarani.

Kuna alama nyingine. Mto unapopinda, maji ya upande wa nje huwa ya kina na yanakwenda kasi. Yanakula ukingo. Upande wa ndani maji ni mafupi, na mchanga unajikusanya hapo. Maji meusi yaliyotulia ni ya kina. Maji yanayometameta kwa viwimbi vidogo ni mafupi, na mtumbwi utakwaruza.

Ogopeni mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita kati ya matawi yake, lakini mtu hapiti. Mtumbwi ukisukumwa pale unalaliwa na maji na kupinduka, na watu hunaswa chini ya matawi. Mkiuona mti kama huo mbele yenu, anzeni kupiga kafi kwenda upande wa pili mapema, msingoje.

Na vitu viwili vidogo kama visiki vya mkaa vinavyosogea bila kuacha mawimbi? Hayo ni macho ya mamba.

MAMBA

Mamba ni mtu wa kusubiri. Anakaa ukingoni, mahali watu wanapozoea kuja. Jana mama alikuja kuchota maji hapo. Leo amekuja tena saa ile ile. Mamba amekariri ratiba. Ndiyo maana hatari kubwa haiko kati ya mto. Iko pale mnaposhuka, mnapooga, mnapoosha vyombo, mnapoingiza mikono majini.

Kwa hiyo mkono usining'inie nje ya mtumbwi. Mkitaka maji, chota kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu. Mkitaka kushuka, chagueni mchanga ulio wazi na maji mafupi mnayoona chini yake. Msishuke penye matete.

Septemba na Oktoba mamba jike hutaga. Hufukia mayai yake katika mchanga wa ukingoni, na yanaweza kufika 40, hata 60. Hulinda mahali hapo kiasi cha miezi mitatu mpaka yaanguliwe. Mkiona alama za tumbo na mkia zimeburuzwa kwenye mchanga, rudini mtumbwini taratibu. Karangeni karanga zenu kisiwa kingine.

MAPUMZIKO YA MCHANA

Saa sita mmepata mchanga mzuri, mweupe, usio na alama za mamba. Vuteni mitumbwi juu kabisa, yote mitatu, mfunge kamba. Mtumbwi ukichukuliwa na maji safari imekwisha.

Kaeni mle. Tazameni kilima cha ng'ambo kilivyo chekundu. Katika ukingo mrefu wa udongo mtaona vitundu vingi kama vya chujio. Ni nyumba za keremkere, ndege wanaokamata nyuki wakiwa angani. Juu ya mti mkavu yupo furukombe, yule mwenye kichwa cheupe. Yeye naye amekuja kuvua.

Msioge penye maji yaliyosimama yenye majani. Hapo ndipo wanapokaa konokono wanaobeba kichocho. Kichocho hakina haraka kama mamba, lakini mtu anayekojoa damu huenda akakaa nacho miaka.

Huenda mzee akaanza kusimulia habari za zamani, na hapo nyamazeni mumsikilize. Mto huu umeona vita. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, mwezi kama huu wa safari yetu. Miaka kumi wapiganaji walivuka Ruvuma kwenda, na wakimbizi walivuka kuja. Hapakuwa na daraja. Watu walipita kwa mitumbwi kama hii, na wengi walipita usiku. Fikiri habari ya kusoma V gizani, mtoto analia mtumbwini, na huruhusiwi kubisha hodi kwa kiboko kwa sababu askari wa Wareno watasikia.

Muhukuru, hapa Songea, palikuwa na makazi ya wakimbizi hao. Na ng'ambo, mahali paitwapo Matchedje, FRELIMO walifanya mkutano wao mkuu wa pili mwezi wa Julai 1968. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Leo liko daraja kutoka Mkenda kwenda Matchedje. Chini zaidi, Mtambaswala, liko Daraja la Umoja lenye urefu wa meta 720. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010.

Lakini kati ya daraja na daraja ni mbali mno. Katikati hapo mama mjamzito bado anavuka kwa mtumbwi. Mwanafunzi bado anavuka kwa mtumbwi. Mara nyingi watu wanane wanaingia katika mtumbwi wa watu wanne, kwa kuwa ni karibu, kwa kuwa mvua inakuja, kwa kuwa mwenye mtumbwi anataka nauli. Nakuomba, ndugu msomaji, ukirudi kutoka matembezi haya uende kwenye kivuko cha kijiji chako ukahesabu watu. Kisha ulete hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji.

MKIPINDUKA

Tulizungumze jambo hili sasa, mkiwa mmeshiba na mmekaa nchi kavu.

Mtumbwi wa mti ukipinduka hauzami. Ushikeni. Msiuache kwenda kuogelea peke yenu. Pigeni miguu, mwupeleke kwenye mchanga ulio karibu, na mtoke majini upesi. Ukiwa umeuponyoka na maji yana kasi, lala chali, tanguliza miguu mbele, ili miguu ndiyo ikutane na jiwe, si kichwa. Wa mitumbwi mingine wasije wote. Mmoja ukoe watu, mwingine ukae tayari na kamba.

Mtu akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini. Watu wengi hufanya hivyo, na dakika zinapotea. Mlaze chali pahali pagumu. Toa matope kinywani. Inua kidevu chake, ziba pua yake, mpulizie pumzi kinywani mara tano mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka, mara thelathini. Mpulizie tena mara mbili. Endelea hivyo, mkipokezana, huku mwingine akienda kutafuta msaada. Akizinduka, apelekwe zahanati hata akisema amepona.

KURUDI

Saa nane geuzeni mitumbwi. Sasa mto unafanya kazi na nyinyi mnaelekeza tu. Kaeni mkionana, lakini msigusane. Nafasi ya mitumbwi mitano kati ya mmoja na mwingine inatosha.

Njiani mtaona mahali ukingo umeanguka na mti hakuna. Mtaona shamba limelimwa mpaka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache meta 60 kutoka ukingoni bila shughuli za kudumu. Mkulima atakwambia udongo wa hapo ndio wenye rutuba, na anasema kweli. Lakini tazama maji chini ya shamba lake. Rangi yake ni ya udongo ule ule. Shamba linaondoka kila mwaka, linakwenda Mtwara bila mwenyewe. Huko juu Matogoro mambo ni hayo hayo. Kijito kikikatiwa miti, sisi huku chini tunaburuta mitumbwi mchangani hata mwezi wa Julai.

Mwachieni yule mzee akae nyuma akiwa kimya. Wewe kaa mbele. Jaribu kuisoma V kabla yeye hajasema. Ya kwanza utakosea. Ya tatu au ya nne utaipata, utasikia mtumbwi unateleza kati ya mawe bila kugusa, na yeye hatasema kitu. Atagonga ubavu kidogo tu.

Saa kumi mmefika kivukoni. Vuteni mitumbwi juu, igeuzeni kifudifudi, rudisheni makafi kwa wenyewe. Nendeni ofisini kusema mmerudi. Kisha toa ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Soma majina kwa sauti, moja moja, na kila mtu aitikie. Usiruke hata jina moja, ingawa mnaonana. La kumi na mbili ni lako. Lisome, ujiitikie mwenyewe.